Picha za Bakama wa Buhaya na Suala la Majina

Hudaiwa mara kwa mara kwamba picha ya ukoo wa kitawala ni zao la Ulaya, na kwamba Buhaya iliipata baada tu ya Emin Pasha kuanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890 na kamera za Wajerumani kufuata. Dai hili linatazama turubai na kusahau kazi ya turubai. Angelica Kauffmann alipoichora familia ya Mfalme Ferdinand IV wa Naples mwanzoni mwa miaka ya 1780, hakuhifadhi nyuso tu. Alimpa kila mmoja nafasi yake katika ukoo.

Katika Kianja na Ihangiro ya Bahinda, na Kiziba ya Babito, kazi hiyo ilitendwa kwa maneno. Mtu aliyetamba kivugo (kwa Kihaya, ekyebugo) mbele ya mukama alijitaja kwa majina ya sifa na matendo yake, na papo hapo akadhihirisha utii wake. Hapo hadhi ya mtambaji na ya mtawala zilichorwa pamoja, jambo ambalo wachoraji wa Naples au Paris hawakulifanya kwa urahisi.

Kamera ilichukua sura, ikaacha majina. Kahigi wa Kianja, aliyependelewa sana na Wajerumani, kwao alikuwa "Sultan", neno la Kiarabu walilolizoea pwani. Waingereza wakaleta "chifu". Maneno haya si visawe vya mukama, neno ambalo wamisionari waliliona lafaa kumtaja hata Bwana Mungu. Mtafiti anayenakili maelezo ya picha bila kuyahoji anarithi pia ngazi ya hadhi iliyopangwa na mtawala wa kikoloni. Athari ni kubwa zaidi kwa wanawake: aliyeandikwa "mke wa sultani" huenda akawa mama wa mukama au dada yake, na tofauti hiyo katika ikulu haikuwa ndogo hata kidogo.

Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Waliohudumu katika ikulu hizo wakiwa watu wazima sasa ni wakongwe, na wengi wameshafariki. Kwa hiyo nakala za picha zilizoko Ulaya ziletwe Kanazi, Kamachumu na Muleba kabla ya tasnifu nyingine kuandikwa juu yake; majina yarekodiwe kwa Kihaya, pamoja na vivugo vinavyokumbukwa, na tafsiri ya Kiswahili ifuate baadaye.