Ngitili ina bei, mwenye nayo ashike hati

Mfugaji wa Kisukuma anayefunga kipande cha malisho mvua zikianza, akakifungua kiangazi kikikolea, hahitaji kuelezwa maksai wake watakula nini mwezi Septemba. Kipande hicho ndicho ngitili. Maksai, ndama na ng'ombe wa maziwa hubaki karibu na nyumbani, na msimu wa kulima ukifika jembe lina wa kulikokota.

Utaalamu huo nusura upotee. Wakati wa ukoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa kuua mbung'o, kisha pamba ikadai mashamba zaidi. Miaka ya 1970 wananchi walihamishiwa vijijini, mbali na ngitili zao. Hadi mwaka 1986 zilibaki kama hekta 600 tu katika mkoa mzima, ambao wakati huo ulijumuisha pia Maswa, Meatu na Bariadi.

Mwaka huo ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni wataalamu walitilia mkazo vitalu na kupanda miche. Wazee walijua njia rahisi zaidi: funga eneo, visiki na mizizi iliyo ardhini itachipua yenyewe. Wataalamu walipokubali kujifunza kwao, kazi ilikwenda mbio. Mikutano ya jadi, dagashida, iliweka faini na sungusungu wakalinda. Miaka ya mwanzo ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukatunukiwa Tuzo ya Ikweta.

Fedha zilionekana pia. Utafiti wa Serikali na shirika la IUCN, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kuwa kuni, asali, dawa, nyasi za kuezekea na mazao mengine ya ngitili yana thamani ya dola 14 hivi kwa mtu kwa mwezi. Matumizi ya mwananchi wa kijijini nchini yalikuwa wastani wa dola 8.50. Wastani, bila shaka, huficha mengi: mwenye ngitili kubwa hukodisha malisho, asiye nayo hununua.

Sasa limeingia soko jingine. Mti uliosimama unapimwa kaboni, na setilaiti huonyesha eneo lililofungwa na lililofyekwa. Mwaka 2022 Serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni. Teknolojia hiyo inaweza kumlipa mfugaji kwa kazi ambayo babu yake aliifanya bure. Lakini setilaiti huona miti, haioni mwenyewe. Ngitili nyingi hazina karatasi, mpaka wake ni mti au ua wa minyaa unaojulikana na majirani. Ardhi ikipata bei, majirani husahau haraka, na ndugu hugawana vipande visivyotosha hata ndama wawili.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila, kwa mtu, familia au kikundi. Hiyo ndiyo itangulie, kabla ya kipimo chochote cha kaboni. Ukija mkataba, mfugaji aulize unadumu miaka mingapi, fedha zinaingia akaunti ya nani, na kama Agosti ng'ombe wataruhusiwa kuingia. Mkataba unaofunga lango mwaka mzima unamlazimu kununua majani kwa jirani, katika miezi ambayo majani ni ghali kuliko yote.