Dharura Haifuti Wajibu

Ndugu waamini na viongozi wa walei,

Sisi wa Mbeya na Iringa tumeunganishwa na mto mmoja. Ruaha Mkuu hupata maji yake katika safu za Uporoto na Kipengere, hutuama katika bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu wilayani Mbarali, kisha huteremka hadi bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Ukame wa mwaka 2006 ulipolipunguza maji bwawa hilo na kuiletea nchi mgawo mkali wa umeme, viongozi wa umma walifanya maamuzi mawili yanayofaa kutafakariwa hata leo.

La kwanza lilikuwa kununua umeme wa dharura. Mwezi Juni 2006 ulitiwa saini mkataba na kampuni ya Richmond wa kuzalisha megawati 100. Mitambo ilichelewa, mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans, na mvua zikarudi kabla ya umeme uliotarajiwa. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa mbunge wa Kyela, ilieleza kwamba Richmond haikuwa na uwezo wa kazi ile, na kwamba taratibu za zabuni zilikiukwa. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, huku akilalamika kwamba Kamati haikumhoji. Mawaziri wawili walijiuzulu pia.

La pili lilikuwa kuwaondoa wafugaji na mifugo yao Usangu, ili maji yafike Mtera. Kati ya 2006 na 2007 familia nyingi zilihamishwa, baadhi zikapelekwa hadi mikoa ya Lindi na Pwani. Ng'ombe walikufa njiani, wengine wakauzwa kwa bei ya kutupa. Hata hivyo wapo wataalamu waliokwisha kusema kwamba upungufu wa Mtera haungeweza kubebeshwa wafugaji peke yao. Kilimo cha umwagiliaji na namna maji ya bwawa yenyewe yalivyotumiwa vilikuwa na sehemu yake.

Hatusemi kwamba kiongozi asiharakishe. Nyumba ikiungua hatuiti kikao. Lakini Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993. Jambo lililobisha hodi kwa miaka 13 si mgeni wa ghafla. Mara nyingi tunachokiita dharura ni uzembe wa jana unaodai fedha na jasho la leo.

Tumkumbuke Yosefu kule Misri. Twapenda kumsifu kwa kuweka akiba miaka saba ya neema kabla ya miaka saba ya njaa, na ni haki kumsifu. Ila tukisoma Kitabu cha Mwanzo hadi sura ya 47, twaona pia kwamba njaa ilipozidi, watu walitoa kwanza fedha, kisha mifugo, kisha mashamba, na mwishowe wakawa watumwa wa Farao. Waliokolewa na kifo, lakini walitoka katika njaa ile wakiwa hawana chao. Hata mtumishi mwema yampasa kuuliza wokovu wake unalipiwa na nani.

Basi kwa wale kati yenu mlio madiwani, watendaji wa kata na wenyeviti wa vijiji, twaweka mbele yenu maswali matatu. Je, atakayebeba mzigo wa uamuzi huu amesikilizwa? Haki ya kusikilizwa aliyoidai Waziri Mkuu, mfugaji wa Usangu naye aliistahili kabla ya kuswagwa na ng'ombe wake. Je, mzigo umegawanywa kwa haki, au umetwikwa mnyonge kwa kuwa hana sauti? Je, mtakuwa tayari kutoa hesabu hadharani, kila shilingi na kila debe, hatari itakapokwisha?

Maswali haya hayachukui siku nyingi. Yaweza kuulizwa jioni moja, chini ya mti, kabla mahindi ya msaada hayajagawiwa au amri ya kuhama haijasomwa. Na sisi waamini tusingoje Bunge liyaulize kwa niaba yetu. Tuyaulize katika Jumuiya zetu, kwa heshima na bila woga, kabla ukame mwingine haujaja.