Sahani za moto juu ya Katanga: tusome kabla ya kuamini

Katika habari za vitu visivyojulikana vinavyoonekana angani, Katanga ina karatasi yake. Ni karatasi ya CIA, shirika la upelelezi la Marekani, ya mwaka wa 1952. Inasimulia namna sahani mbili za moto zilivyozunguka juu ya migodi ya uranium, kusini mwa Kongo ya Wabelgiji, na namna rubani mmoja wa Élisabethville alivyozifuata kwa ndege ya vita mpaka zikampotelea upande wa ziwa Tanganyika. Mwezi wa Januari 2016 CIA yenyewe iliitaja karatasi hiyo katika orodha fupi ya nyaraka zake za zamani juu ya mambo haya. Wanaoipenda hadithi hii hutaja jina la CIA na kuona kwamba maneno yamekwisha.

Maneno hayajakwisha. Ninataka kuonyesha hapa kwamba hadithi hiyo, ikisomwa polepole, haishikiki. Na kwamba kazi ya kuisoma hivyo si ya wanafizikia kwanza, ni yetu sisi wa kitivo cha lugha. Sababu ni nyepesi. Hatuna sahani, hatuna kipande cha chuma, hatuna picha. Tuna maneno tu, na maneno ndiyo tunayojifunza kupima kila siku.

Tuanze na asili ya maneno hayo. Karatasi ya CIA si ripoti ya mpelelezi aliyefika Katanga. Ni tafsiri ya Kiingereza ya makala iliyotoka tarehe 29 Machi 1952 katika Die Presse, gazeti la Kijerumani la mji wa Vienna, Austria. Wamarekani walikuwa na ofisi ya kusoma magazeti ya nchi za kigeni na kutafsiri chochote kinachogusa ndege au silaha. Juu ya karatasi za namna hiyo waliandika wazi kwamba habari iliyomo haijapimwa. Kwa hiyo, CIA haikusema «jambo hili lilitokea». Ilisema tu «gazeti moja limeandika hivi». Tena tuhesabu safari: rubani wa Wabelgiji, mwandishi wa Kijerumani, mfasiri wa Kiingereza, na leo sisi tunaosimuliana kwa Kifaransa na Kiswahili. Mwanafunzi yeyote aliyepita katika somo la tafsiri anajua kinachoweza kupotea njiani, na kinachoweza kuongezwa.

Sasa tuingie ndani. Jambo la kwanza ni mahali. Makala inaweka migodi hiyo mashariki ya mto Luapula, ule unaounganisha ziwa Bangweulu na ziwa Mweru. Lakini kwetu Luapula ni mpaka: ukiuvuka kwenda mashariki, umetoka Kongo na kuingia Zambia, ambayo wakati ule iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Uranium ya Kongo ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, Jadotville ya zamani, kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Mtu anaweza kujibu kwamba pengine mfasiri aliandika mashariki mahali pa magharibi. Vema, tugeuze. Shinkolobwe haisogei: ingali mbali na Luapula kwa kilometa zaidi ya 150.

Jambo la pili ni wakati. Makala haitoi siku wala saa. Inasema tu kwamba ni juzijuzi. Inasema onyesho lote lilidumu dakika 10 hadi 12, na kwamba rubani wa uwanja mdogo wa Élisabethville aliondoka mara moja, akasogea mpaka mita 120 hivi, akafukuza kwa dakika 15. Kutoka Lubumbashi mpaka Shinkolobwe, hata kwa mstari ulionyooka, ni kilometa zaidi ya 100. Ndege inayokwenda kilometa 500 kwa saa itatumia dakika zaidi ya 12 njiani, bila kuhesabu muda wa kumpasha rubani habari, kuwasha mota na kupaa. Angefika onyesho limekwisha.

Jambo la tatu ni sauti. Inasemwa kwamba sahani zilipoondoka kwa kasi ya kilometa 1,500 kwa saa, rubani alisikia mlio wao kama mluzi, juu ya ngurumo ya ndege yake mwenyewe. Kasi hiyo inapita kasi ya sauti, ambayo ni kama kilometa 1,200 kwa saa. Vyombo tunavyovijua, vikipita mpaka huo, huacha mshindo unaofanana na radi, na watu wa chini wangeukumbuka kuliko mluzi wowote.

Jambo la nne ni shahidi. Anaitwa Kamanda Pierre, basi. Hatuambiwi kama Pierre ni jina la ukoo au la ubatizo, wala kikosi chake, wala aina ya ndege aliyorusha. Badala yake tunaambiwa kwamba ni afisa wa kutegemewa na rubani mwenye bidii. Hapo sifa ya mtu imewekwa mahali pa uthibitisho. Sisi tunaosoma namna ya kujenga hoja tunaijua mbinu hiyo kwa jina lake.

Je, ninasema Pierre alikuwa mwongo? Hapana. Pengine aliona kitu. Pengine hakuwako kabisa. Ninachosema ni kwamba makala hii haituruhusu kuchagua. Kisichojulikana hapa si sahani. Kisichojulikana ni tukio lenyewe.

Tofauti hiyo si mchezo wa maneno. Kule Toulouse, shirika la anga la Ufaransa, CNES, lina ofisi ndogo iitwayo GEIPAN, ambayo tangu 1977, kwa jina lake la kwanza GEPAN, inachunguza habari za watu walioona mambo ya ajabu angani. Wanazigawanya katika mafungu manne: A ni jambo lililotambuliwa kwa hakika, B ni lile ambalo maelezo yake yanaelekea kuwa kweli, C ni lile lisiloweza kutambuliwa kwa sababu habari zake ni chache, na D ni lile ambalo halikutambuliwa hata baada ya uchunguzi. Kiswahili chetu cha kila siku kinayaita C na D kwa neno moja: «halijulikani». Ndiyo maana tunadanganyika. Karatasi ya Katanga ni ya fungu la C, lakini inasimuliwa kana kwamba ni ya D, tena kana kwamba D maana yake ni wageni kutoka nyota nyingine. Jeshi la anga la Marekani lilikusanya habari 12,618 kati ya 1947 na 1969, na 701 zilibaki bila kutambuliwa. Hesabu hiyo haisemi kwamba vyombo 701 vilitembelea dunia. Inasema tu kwamba kazi 701 hazikufika mwisho.

Kuna jambo jingine linalotuhusu zaidi sisi wa lugha: kwa nini sahani? Tarehe 24 Juni 1947, rubani Mmarekani Kenneth Arnold aliona vitu tisa karibu na mlima Rainier. Kusudi aeleze mwendo wake, alisema viliruka kama kisahani kinachorushwa juu ya maji. Umbo alilolichora baadaye halikuwa hata duara kamili. Lakini magazeti yalichukua mfano wa mwendo yakaufanya jina la umbo, na katika siku chache «sahani zinazoruka» zilijaa duniani. Kisha watu wengi walianza kuona sahani za mviringo. Neno lilitangulia, macho yakafuata. Miaka mitano baadaye neno hilo lilikuwa limekwisha fika Vienna, na «Élisabethville» ikapewa sahani zake.

Ninajua jibu ambalo wenzetu wengine watanipa: «Wewe umesoma, unadharau ushuhuda wa watu wetu. Wakoloni nao walifanya hivyo.» Jibu hilo ni zito, na halifai kupitwa. Wakati wa Wabelgiji, maneno ya Mwafrika yalihesabiwa kuwa bure mpaka Mzungu ayakubali. Lakini tuitazame tena karatasi yetu. Ni nani anayesema humo? Afisa wa Kizungu na mwandishi wa Kizungu. Shinkolobwe ilikuwa mgodi uliotoa sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Walifanya kazi mahali pale wanaume wa Katanga na wa majimbo mengine, wenye majina, wake na watoto. Kama moto ulizunguka juu ya vichwa vyao kwa dakika kumi, wao ndio mashahidi wa kwanza. Hakuna hata mmoja aliyetajwa. Kuitetea karatasi hii si kutetea ushuhuda wa watu wetu. Ni kukubali hadithi ambayo watu wetu wamefutwa ndani yake.

Tena, kutilia shaka si kudharau. Wazee wa Katanga wanasimulia habari za batumbula, wale watu wa usiku waliosemwa kuwa wanateka Waafrika kwa ajili ya Wazungu. Watafiti wazuri hawakucheka, wala hawakuandika kwamba ni kweli neno kwa neno. Waliuliza: ni nani aliisimulia, wakati gani, kwa woga gani? Kwa njia hiyo walijifunza mengi juu ya maisha ya mfanyakazi chini ya ukoloni. Habari za angani zinastahili heshima hiyohiyo: kuulizwa maswali ya kweli.

Na maswali yenyewe yana hatari yake. Mwezi wa Septemba 1994, kule Ruwa karibu na Harare, Zimbabwe, watoto zaidi ya 60 wa shule moja walisema wameona chombo na viumbe. Siku mbili kabla, mabaki ya roketi yaliwaka angani na kuonekana na watu wengi wa kusini mwa Afrika, na mazungumzo ya vyombo vya angani yalikuwa yamekwisha kuenea. Watoto walizungumza wao kwa wao, kisha wakahojiwa na watu ambao tayari waliamini habari hizo. Leo hakuna anayeweza kutenganisha walichokiona na walichokisikia, kwa sababu mahojiano ya kwanza hayakulindwa.

Kwa Kiswahili hatari hiyo iko hata katika viambishi. Ukiuliza «Uliona chombo gani?», umekwisha kumpa mtu chombo. Ukiandika «kilipita», umechagua kitu. Ukiandika «ulipita», umechagua mwanga au moto. Ukiandika «alipita», umechagua kiumbe. Mzee wa Lubumbashi anaweza kusema tu «ile kintu ilipita», bila kujifunga. Mwanafunzi anayekwenda kusahihisha sentensi hiyo kwa Kiswahili sanifu anaongeza habari ambayo shahidi hakuitoa. Kwa hiyo tuandike kama ilivyosemwa, na tuulize swali pana: «Uliona nini? Iliendelea namna gani?» Kisha tuulize upande gani wa mbingu, muda gani, nani mwingine alikuwako, na kama alikuwa amesikia habari hiyo kabla. Leo, wakati setilaiti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa makundi mwaka wa 2019, zinapita usiku kama msururu wa taa, maswali hayo yanaweza kumaliza shauri kwa dakika chache.

Ninapendekeza basi mambo mawili kwa wenzangu na kwa waalimu wetu. La kwanza: mtu achukue karatasi ya 1952 kama kazi ya mwisho wa masomo. Aitafute makala ya Kijerumani, ailinganishe na tafsiri ya Kiingereza, kisha afungue magazeti ya mji wetu ya miezi ileile, hasa L'Essor du Congo, lililochapishwa hapahapa Élisabethville. Sahani mbili za moto juu ya mgodi, na ndege ya vita nyuma yake, si jambo la kupita bila mstari mmoja katika gazeti la mahali. Likiwamo, tutakuwa na shahidi wa karibu zaidi. Lisipokuwamo, tutajua cha kufikiri.

La pili ni la haraka. Mtoto wa miaka kumi wa Shinkolobwe mwaka wa 1952 leo amepita miaka themanini. Twende tukawasikilize wazee hao, kwa Kiswahili chao, juu ya mgodi, juu ya kambi, juu ya ugonjwa na mshahara, na mwisho, bila kuwaongoza, juu ya mambo waliyoyaona angani. Pengine hatutarudi na sahani hata moja. Lakini tutarudi na majina ya watu ambao gazeti la Vienna halikuwauliza kitu, na ambao sisi pia, tukishughulika na sahani tu, tutawaacha waondoke bila kuulizwa.