Bekapu Ikifa Usiku, Nani Atakuambia?



Leo tuiache korti kidogo, tuongee juu ya ile laptopu moja iliyo kwenye meza ya kikundi chenu. Unaijua. Ndani yake mna majina ya wavuvi waliokamatwa ziwani, tarehe, picha za mitumbwi, na pesa walizotoa ndiyo waachiliwe. Hapa Sio Port hizo ni kumbukumbu za kawaida, manake mpaka wetu uko majini na hauna ukuta. Mvuvi anafuata mbuta, kidogo tu anajikuta mikononi mwa maafisa wa usalama wa Uganda. Akirudi anakuja kutusimulia, tunaandika. Kuna pia faili za vijana waliozungushwa kutafuta vitambulisho. Ule msasa wa ziada kwa watu wa mipakani Rais alitia saini kuuondoa Februari 2025 kule Wajir, lakini waliozungushwa kabla ya hapo bado wana haki ya kuulizia, na ushahidi wao uko kwenye hiyo laptopu.

Ukiuliza, kila kikundi kinakuambia, "Sisi tuna bekapu." Sawa. Sasa nijibu hili: ikifeli usiku wa leo, ni nani atajua kesho asubuhi?

Wengi hapo wananyamaza. Mtu aliweka programu mwaka juzi, akaiambia inakili folda kila usiku saa nane, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuna aliyesikia neno kutoka kwake, na tumeuchukua ule ukimya kama habari njema. Mimi nasema bekapu isiyokuarifu usiihesabu. Ukitengeneza orodha ya mali ya kikundi, iache nje.

Usidhani haya ni ya vikundi vidogo peke yake. GitLab ni kampuni ambayo waandishi wa programu duniani kote wanaweka kazi zao kwake. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao mmoja, akiwa amechoka usiku, alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Karibu gigabaiti 300 zikawa zinayeyuka, akasimamisha zikiwa zimebaki kama 4.5. Wakakimbilia bekapu. Kufika, hakuna kitu. Ile programu ya kunakili ilikuwa ikifeli kwa sababu ya tofauti ya matoleo, na hawakuwa na habari. Cha kuuma ni kwamba arifa walikuwa wameziwasha! Kila ikifeli, mtambo ulituma barua pepe, na kila barua ilikataliwa na seva ya kupokea kwa sababu haikuwa na uthibitisho wa mtumaji unaotakiwa. Yaani mlinzi alikuwa anapiga kelele ndani ya chumba kilichofungwa. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Hata hivyo data ya hayo masaa sita ilipotea. Nawaheshimu kwa jambo moja: walieleza yote hadharani, bila kuficha.

Kwa hivyo kuwasha arifa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhakikisha inafika kwa mtu.

Nitaongea juu ya Duplicati kwa sababu ni ya bure na vikundi vingi vinaweza kuimudu, lakini nyingine hazitofautiani sana. Ndani ya mipangilio yake kuna sehemu ya kutuma ripoti kwa barua pepe baada ya kila bekapu: unaipa anwani ya mpokeaji, seva ya kutumia na nenosiri. Kama unatumia Gmail, nenosiri lako la kila siku halitakubaliwa. Google waliufunga mlango huo Mei 2022. Washa uthibitisho wa hatua mbili, halafu utengeneze nenosiri maalum la programu. Watu wengi wanakwama hapo, wanaghairi, wanasema "tutarudi." Hawarudi.

Kisha unachagua ni matokeo gani yaripotiwe: mafanikio, maonyo, makosa, au kila kitu. Hapa ndipo napishana na mafundi wengi. Watakuambia chagua makosa peke yake, usijisumbue na maonyo. Kwa ofisi kama zetu huo ni ushauri mbaya. Fikiria rejista ya kesi. Ni jedwali la Excel lililofunguliwa tangu asubuhi, na jioni mtu anafunika laptopu ikiwa imewaka bila kulifunga. Programu ikija usiku inakuta faili limeshikwa. Inanakili mengine yote, hilo inaliruka, halafu inaandika onyo. Si kosa, ni onyo tu. Kwa hivyo faili mnalolitumia kuliko yote ndilo linaloweza kukosa nakala wiki nzima, na wewe uliyechagua makosa pekee hutasikia kitu. Washa maonyo.

Na mafanikio je? Ukipokea "imefaulu" kila siku, baada ya mwezi unazifuta bila kusoma, na siku ya kufeli unaifuta pamoja na nyingine. Hilo nakubali. Lakini ukizizima, unarudi kwenye ukimya, na ukimya una tatizo lake kubwa zaidi.

Programu huripoti kufeli ikiwa tu iko hai. Kumbuka Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima usiku. Laptopu iliyozimika haikutumi ujumbe kwamba imezimika. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kuvuka rekodi ya 1964, na maji yakaingia kwenye nyumba za watu huku ufuoni; kompyuta iliyolowa nayo haiandiki barua. Wala iliyobebwa. Aprili 2015 akaunti za benki za MUHURI na Haki Africa zilifungwa, na maafisa wa KRA wakaingia ofisi zao Mombasa wakaondoka na diski na stakabadhi. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamuru akaunti zifunguliwe, lakini hesabu hiyo miezi na ujiulize kikundi chako kingefanya kazi na nini. Na huku kwetu kuna jambo dogo zaidi: bando limeisha, au simu inayogawa intaneti imekamata mtandao wa upande wa pili. Bekapu haikuondoka, na barua ya kukuambia haikuondoka vilevile, manake zote mbili zinapita njia moja.

Dawa yake ni kugeuza mambo. Badala ya kungoja habari ya kufeli, mweke mtu wa nje anayengoja habari ya kufaulu. Healthchecks.io inafanya kazi hiyo, na kiwango chake cha bure kinatosha kikundi. Inakupa anwani ya wavuti. Programu yako ikimaliza vizuri, inaigonga hiyo anwani mara moja. Wewe umeiambia kwamba unatarajia mgongo mmoja kila siku, na umeipa masaa kadhaa ya kuvumilia. Muda ukipita bila hodi, yenyewe ndiyo inakutafuta. Haijali kama ni stima, maji, mwizi au askari. Kuwa makini na kitu kimoja: mwambie Duplicati agonge pale tu alipofaulu. Ukimwacha agonge kwa matokeo yote, atapiga hodi hata amefeli, na yule wa nje atadhani mambo ni shwari. Ukishaweka hivyo, zile barua za mafanikio unaweza kuzizima kwa roho safi.

Sasa yaliyomo kwenye ujumbe wenyewe, na hapa tuwe wakali, kwa sababu zile ni siri za watu waliotuamini. Ripoti ya Duplicati huja na jina la kazi ya bekapu kwenye kichwa cha barua, na ndani, kukiwa na maonyo au makosa, hutaja faili lililokwama pamoja na njia yake. Kama bekapu umeiita "Wavuvi waliokamatwa" na faili umelipa jina kamili la mtu, basi umetuma jina lake na shida yake kwenye barua pepe, na zikatokea kwenye kioo cha simu iliyolala mezani hotelini. Yapeni mafaili namba. Orodha ya namba na majina ikae mahali pake, chini ya nenosiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haisemi tu kuhusu kuficha: Kifungu cha 41 kinagusa pia uwezo wa kurejesha data. Na Kifungu cha 43 kinakupa masaa 72 kumjulisha Kamishna wa Data pale mtu asiyeruhusiwa anapozifikia na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe. Utaanzaje kuhesabu masaa 72 ya jambo ambalo hukuambiwa?

Mwisho ni anwani ya mpokeaji. Vikundi vingi vimeweka anwani ya kijana aliyekuja kwa atachimenti, akamaliza, akaenda Nairobi. Arifa bado zinamfikia yeye, naye anazifuta. Wengine wameweka anwani inayofunguliwa kwenye laptopu ileile inayolindwa. Wawe watu wawili, wote wanasoma simu zao, na mmoja asiwe mkazi wa Sio Port. Awe Busia mjini, Mumias, popote. Mkibadilisha viongozi, kubadilisha anwani hizo kuwe kwenye ajenda ya siku hiyohiyo, pamoja na sahihi za benki.

Kisha mjaribu. Jioni moja wiki hii chomoa diski ya nje kabla ya kulala, usimwambie mtu yeyote. Kukipambazuka kaa na simu yako uone ni nani wa kwanza kukupigia kuuliza kuna nini. Ukifika adhuhuri na hakuna aliyepiga, tuandikie hapa chini uko kikundi gani, tutakuja na kebo yetu.