KIDOLE AU KADI?



Wanachama wenzetu wa mabohari ya samaki na barafu hapa Remba, pamoja na wengine wa viwanda vya minofu huko nchi kavu, wametuletea swali. Matajiri wanataka kuweka mashine mlangoni. Wengine wapenda mashine ya kusoma alama za vidole, wengine ile ya kusoma kadi yenye chipu. Karani mwenye daftari ataondoka. Wanachama wauliza: Chama kikiitwa mezani, kiseme nini?

Kwanza tumpe tajiri haki yake. Wako watu ambao hutiliana sahihi. Mtu yuko Mbita kwa shemeji yake, na daftari yasema yuko kazini. Wenzake waliofika ndio wanaobeba kreti zake. Mchezo huo hatuutetei. Tena bohari iliyojaa sangara haiwezi kuachwa wazi kama banda la chai. Mlango na ufungwe. Ubishi wetu ni juu ya ufunguo: uwe wa namna gani, na nani aushike.

Wauza mashine watasema kidole ni bora, kwa kuwa kidole hakiazimwi wala hakisahauliwi nyumbani. Hayo ni kweli. Lakini twauliza: kidole cha nani? Mashine hiyo hutazama mistari midogo ya ngozi, hupima mahali mistari inapokatika na inapogawanyika, kisha hugeuza vipimo hivyo kuwa hesabu na kuziweka. Kesho yake ukiweka kidole, hulinganisha. Karani wa ofisini, ambaye kazi yake ni karatasi, hupita bila taabu. Sasa mtazame mtu aliyevuta nyavu na kamba miaka kumi na miwili. Mtazame mama apaaye magamba tangu alfajiri, mikono katika barafu, halafu katika chumvi, halafu katika dawa ya kuoshea sakafu. Mistari imelika. Ngozi imekunjamana kwa maji. Mashine humwambia huyu kwamba si yeye.

Tajiri aweza kulegeza mashine isikatae watu. Ndiyo, lakini ikilegezwa sana humpokea hata asiyekuwa mwenyewe, na ikikazwa humkataa mwenyewe. Hakuna mashine ya vidole iliyookoka na jambo hilo, hata iwe ya bei gani.

Na msifikiri hayo ni maneno ya kuogofya tu. Siku ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, mashine za kutambua wapiga kura zilishindwa katika vituo vingi vya Kenya, na vingine betri ziliisha kabla ya kazi kwisha. Watu wakarudia daftari la karatasi. Ikiwa serikali nzima ilirudi kwenye karatasi, bohari ya Remba, ambako umeme na mtandao huja na kuondoka kama mvua, itarudi kwenye nini? Hapo ndipo mshahara wetu ulipo. Kibarua akikataliwa na mashine saa kumi na mbili asubuhi, akasimama nje mpaka msimamizi atoke kwake saa mbili, nani atalipa saa hizo mbili?

Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu tajiri kukata mshahara wa siku ambayo mtu hakuwapo siku nzima bila ruhusa wala sababu ya haki. Mtu aliyesimama mlangoni hakukosa kazi. Mashahidi wake ni wote waliopita mbele yake.

Tuje kwa kadi. Kadi haijali mikono. Ina aibu zake: huazimwa, hupotea, huanguka ziwani. Tena kadi za bei rahisi, zinazotoa namba tupu kila zinapoulizwa, hunakiliwa na kijana yeyote mwenye chombo kidogo cha kazi hiyo. Hata aina moja iliyotumika sana duniani, Mifare Classic, ilivunjwa siri yake na wataalamu wa chuo kikuu cha Nijmegen, Uholanzi, mwaka 2008. Basi tajiri akisema ataleta kadi, mwulizeni ni kadi ya namna gani. Iliyo nzuri haitoi namba tupu. Mashine huiuliza swali jipya kila mara, nayo hujibu kwa siri iliyomo ndani ya chipu.

Kuazimana kadi kwaweza kuzuiwa kwa picha juu ya kadi na askari mlangoni anayetazama nyuso. Askari huyo ni mshahara wa mtu mmoja, nasi hatuoni haya kulitaja hilo kama faida.

Na kadi ikipotea? Hufutwa, ikatolewa nyingine, basi. Lakini jihadharini na tajiri anayetaka kukata bei yake mshaharani. Kifungu kile kile cha 19 chamruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika kwa makosa ya makusudi ya mfanya kazi. Kadi iliyoanguka majini wakati wa kupakua samaki si makusudi.

Kidole kikipotea hakitolewi kingine. Hili ndilo neno kubwa, na wauza mashine hulipita mbio. Mwaka 2015 ofisi ya Marekani inayosimamia watumishi wa serikali iliibiwa habari zake, na ndani yake zilikuwamo alama za vidole za watu milioni 5.6. Watu hao watazeeka na vidole vile vile. Na kama ofisi kubwa vile iliibiwa, hesabu za vidole vyetu zitalala wapi? Katika kompyuta ya nyuma ya duka la tajiri, penye mwana wa shangazi yake?

Wazee wetu waliijua habari ya vidole kabla ya umeme. Sheria ya 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyepita miaka 16 kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake na mshahara wake. Akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Tajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu hakuweza kwenda kutafuta kazi penye mshahara bora. Akitoroka, vidole vilimsaka. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921, na Machi 1922 watu wengi waliuawa kwa risasi Nairobi walipodai afunguliwe. Serikali ilipotunga sheria mpya mwaka 1947 ya kuandikisha watu wa rangi zote, walowezi Wazungu walipiga kelele kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni aibu. Wino ule ule, miaka yote ile, haukuwa aibu kwa wengine!

Hatusemi mashine ya leo ni kipande. Twasema mwenye kushika alama za mtu anashika kitu kikubwa, na leo sheria yakubali hivyo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yahesabu alama za mwili kuwa habari nyeti. Mwenye kuzichukua yampasa akueleze ni za nini, na akubali ukitaka kuziona. Na pakiwa na hatari kubwa kwa haki za watu apime hatari hiyo kabla hajaanza. Ridhaa ni ya hiari, na kuthibitisha kwamba ilitolewa ni juu yake yeye. "Weka kidole au urudi kwenu" si hiari. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru Worldcoin, waliopiga picha mboni za macho ya Wakenya kwa ahadi ya fedha za mtandao, wazifute picha hizo. Basi korti zimekwisha kuamka.

Shauri letu, basi, ni KADI kwa mlango wa kila siku, ya namna ile ijibuyo kwa siri, na ya kwanza pamoja na ya badala itolewe bure. Chumba cha fedha kikihitaji kidole, hesabu za kidole ziwekwe ndani ya chipu ya kadi ya mtu mwenyewe, zisikae katika kompyuta ya tajiri. Mashine italinganisha hapo hapo, na mtu akiacha kazi aondoke na kidole chake. Jambo hilo lafanyika, ila lina gharama zaidi. Na daftari la karatasi lisiondolewe mlangoni, wala karani wake.

Wenzetu waliotoka Uganda na Tanzania wasiambiwe kwamba mambo haya si yao. Wanabeba kreti zile zile.

Mahali ambapo mashine ya vidole imekwisha kuwekwa, mjumbe wa zamu aandike kila siku jina la aliyekataliwa, saa aliyofika na saa aliyofunguliwa, wenzake wawili watie sahihi. Karatasi hizo ziletwe ofisi ya Chama kabla ya mwisho wa mwezi, maana tutakwenda nazo mezani.

MHARIRI