Mwalimu wa Darasa la Kwanza Naye Ana Tumbo



Mwaka wa shule unakwisha. Hapa kwetu katika mashamba ya chai ya magharibi ya Uganda, watoto wa darasa la saba walikwisha kuandika mtihani wao mwanzoni mwa Novemba, na wazazi wameanza kuchanga. Kila mwaka ni vivyo hivyo: mwalimu wa darasa la saba hununuliwa mbuzi, mwalimu mkuu hupewa shati, picha zikapigwa. Hatuna kinyongo na mbuzi huyo. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza, yule aliyewafundisha watoto hao hao kutenganisha b na d, hupewa nini? Tumeulizana katika tawi letu, na hakuna anayekumbuka kumpa hata asante.

Sisi twasema jambo hili ni la chama cha wafanyakazi, wala si la kamati ya shule peke yake.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shamba moja ambalo hatutalitaja, mama mmoja mchuma chai alirudi nyumbani na kadi yake ya kilo. Hakujua kusoma. Binti yake alikuwa darasa la pili, na kama watoto wa umri ule alisoma kila kitu alichokiona: gunia la mbolea, mkebe wa mafuta, gazeti lililobandikwa ukutani. Akaishika kadi akasoma, "Kumi na sita." Mama akasema sivyo, karani wa mizani alitamka kumi na nane, nimesikia kwa masikio yangu. Mtoto akashikilia: hapa pameandikwa moja na sita.

Mama yule alikuja kwetu usiku ule ule. Tulikusanya kadi za kambi nzima, tukakaa nazo mbele ya taa ya chemli, watu wanne tunaojua kusoma, tukaita mchumaji mmoja mmoja aseme alichosikia mizanini. Kilo mbili hapa, kilo tatu kule. Na walioibiwa karibu wote walikuwa wale wasiojua kusoma. Kadi za wanaosoma zilikuwa safi kabisa! Karani yule alijua vizuri ni nani wa kumchezea. Aliondolewa, na kilo zikalipwa, ingawa si zote.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya mshahara, kwa maandishi na kwa lugha anayoweza kuielewa. Ni sheria nzuri. Lakini hati hiyo itamfaa nini mtu asiyejua herufi? Ataikunja, ataitia mfukoni, basi. Sisi viongozi wa tawi tulikuwa tumepita mizanini kila siku bila kuona kitu. Aliyefichua wizi ule ni mtoto, na aliyempa mtoto macho ni mwalimu wa madarasa ya chini.

Tena tuiangalie kazi yenyewe. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unataka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya nyumbani. Mwenye kupanga hivyo alikuwa na sababu, kwani mtoto husoma upesi neno analolijua. Lakini katika kambi ya chai nyumbani ni wapi? Mlango huu wanasema Kirutooro, wa pili Kirukiga, wa tatu Kilugbara kwa sababu baba alitoka West Nile kutafuta kazi, na wazazi wakikutana bombani husemezana Kiswahili. Mwalimu anasimama mbele ya watoto wote hao, wengine hawajapata kushika kalamu. Tumepita dirishani tukamwona. Anahesabisha kwa vizibo vya soda. Anaandikisha vumbini kwa kidole kwa sababu madaftari hayatoshi. Mmoja analia, mwingine amelala kwa njaa maana mama alitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda shambani. Nyapara mwenye watu wengi kiasi hicho angeomba msaidizi.

Mwalimu wa serikali analalamika, na ana haki. Mwezi wa Juni 2022 walimu wa msingi waligoma pamoja na wa sekondari wa masomo ya sanaa, baada ya wale wa sayansi kuongezewa peke yao. Lakini yeye ana mshahara hata shule ikifungwa. Wetu wa shule ya kambi, aliyeajiriwa kwa karo za wazazi na fungu la kampuni, hulipwa muhula kwa muhula. Shule ikifungwa Desemba hana kitu mpaka Februari. Miezi miwili! Na chumba chake hutakiwa, eti wanaingia vibarua wa msimu.

Mwisho wa mambo haya tuliuona wakati wa korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na madarasa ya chini hayakufunguliwa sawasawa mpaka Januari 2022. Mwalimu aliyemfundisha yule binti wa kadi alikuja kuchuma chai pamoja nasi. Vidole vyake vilizoea chaki, vikachubuka wiki ya kwanza, na jioni alikuwa wa mwisho mizanini. Wengine walifyatua matofali, wengine walipanda bodaboda. Shule zilipofunguliwa tulimfuata arudi. Alikuwa anauza mitumba sokoni. Alituuliza swali moja tu: "Desemba mtanilipa?" Tulinyamaza. Hakurudi, na watoto wa kambi ile walikaa muda mrefu na kijana asiyejua kufundisha herufi, akiwaimbisha tu alfabeti kama kasuku.

Wako ndugu wanaosema walimu wana chama chao, wakatetewe huko. Huyu wetu hana chama. Analipwa katika dirisha lile lile tunalopangia foleni, na karani yule yule. Wengine wanasema bei ya chai ni mbaya, na ni kweli, twajua viwanda vilivyosimama na wenzetu waliorudishwa kwao. Lakini tupige hesabu. Walimu watatu wa madarasa ya chini kwa miezi miwili ni mishahara sita kwa mwaka. Shamba lenye mamia ya wachumaji haliwezi kufilisika kwa mishahara sita. Mwajiri anayesema haiwezekani atuonyeshe vitabu vyake.

Wako pia wanaotaka tuchange kitenge na sufuria, mambo yaishe. Wachange wanaopenda, tena tutafurahi. Ila tunaonya: tukizoea kumlipa mwalimu kwa michango yetu, mwajiri atakunja mikono, na mwaka ujao atatuambia tuchangie na zahanati.

Kwa hiyo tawi letu litapeleka mambo mawili katika mazungumzo yajayo ya mkataba: walimu wa shule ya kambi walipwe miezi kumi na miwili, na chumba cha mwalimu kisiguswe wakati wa likizo. Tunaomba matawi mengine ya chai, na ndugu zetu wa mashamba ya miwa, wapeleke madai hayo hayo, kwani tawi moja likidai peke yake litaambiwa ni wakorofi.

Mkutano utakuwa Jumapili kabla ya shule kufungwa, saa nane mchana, chini ya mparachichi karibu na zahanati. Tumewaalika walimu watatu waje kusema wenyewe. Kila mchumaji aje na kadi yake ya kilo ya mwezi huu. Asiyejua kusoma atasomewa palepale.