Mzee Harry Patch: Miaka 80 ya kuificha vita ndani ya nyumba

Ada aliolewa na Harry Patch mwaka 1919, wakaishi pamoja hadi kifo kilipomchukua Ada mwaka 1976. Ni miaka 57 ya ndoa. Walipata watoto wawili wa kiume, wakapanga maisha yao, wakazeeka pamoja. Katika miaka yote hiyo mume hakuwahi kukaa chini na mkewe akamweleza kilichompata Ubelgiji mwaka 1917. Ada alijua mumewe alikuwa askari na alijua aliumia, kwa kuwa walifahamiana Harry akiwa kwenye matibabu ya jeraha lake. Zaidi ya hapo hakuambiwa kitu.

Harry Patch alifariki dunia Julai 25, 2009, akiwa na umri wa miaka 111, katika mji wa Wells nchini Uingereza. Kwa Watanzania tarehe hiyo ni Siku ya Mashujaa. Kwa Waingereza, siku hiyo iliondoka na mtu wa mwisho aliyepigana kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Magazeti yalimwandika kama shujaa wa taifa, jina ambalo mwenyewe hakulipenda. Alichotaka kukumbukwa nacho ni kazi yake, kwani alikuwa fundi bomba.

Alizaliwa Juni 17, 1898 katika kijiji cha Combe Down karibu na mji wa Bath. Baba yake alikuwa fundi wa mawe. Harry alianza kujifunza ufundi bomba akiwa kijana mdogo, na vita ilipoanza hakuwa na hamu nayo hata kidogo. Kaka yake alikuwa tayari jeshini, akajeruhiwa, na aliporudi nyumbani alimweleza mdogo wake hali halisi ya huko, matope, panya na maiti. Kwa hiyo barua ya kuitwa jeshini ilipomfikia Oktoba 1916, Harry alikwenda kwa sababu sheria ilimlazimisha, si kwa ari.

Alitimiza miaka 19 akiwa tayari Ufaransa. Alipangwa kwenye kikundi cha watu watano waliokuwa na bunduki moja ya rashasha, na hao wanne wengine wakawa ndugu zake. Waligawana chakula, sigara na hata vifurushi vilivyotoka kwa wazazi. Walikuwa na makubaliano yao ya siri kwamba wasimuue adui kama wanaweza kuepuka, wapige miguuni. Siku moja Mjerumani alimjia mbio akiwa na bunduki yenye singe. Harry alikuwa na bastola, na akampiga mguuni.

Agosti mwaka huo, karibu na kijiji cha Langemarck, walimkuta askari mwenzao amepasuliwa kuanzia begani hadi kiunoni. Aliwaomba wammalizie. Kabla hawajafanya lolote alitamka neno moja tu, "mama", akakata roho. Harry alisimulia baadaye kwamba sauti ile haikuwa ya kulia. Ilikuwa kama ya mtu aliyemwona mama yake akija kumpokea.

Usiku wa Septemba 22, 1917 kikundi chao kilikuwa kinarudi nyuma kupumzika. Kombora likapasuka juu yao. Watatu waliokuwa wamebeba risasi walikufa hapohapo, na Harry aliingiwa na kipande cha chuma kwenye kinena. Alipofikishwa kwa daktari, dawa ya ganzi ilikuwa imekwisha, yote ilitumika kwa waliokuwa na hali mbaya zaidi. Aliulizwa kama anataka kile chuma kitolewe hivyohivyo, akakubali. Watu wanne wakamshika, daktari akakata na kuchomoa.

Jeraha lile lilipona. Vita ilipoisha Novemba 1918 bado alikuwa Uingereza akirudishwa kwenye mazoezi. Mwaka uliofuata alioa, akarudi kwenye mabomba. Ni miongoni mwa mafundi waliofanya kazi kwenye mnara wa Wills wa Chuo Kikuu cha Bristol, jengo ambalo lipo mpaka leo. Vita ya Pili ilipokuja alikuwa na zaidi ya miaka 40, akajitolea kikosi cha zimamoto, na Bath iliposhambuliwa kwa mabomu Aprili 1942 alikuwa akizima moto mitaani. Alistaafu mwaka 1963. Kwa jirani aliyemtazama kwa nje, huyu alikuwa baba aliyetulia, mchapakazi, asiye na makuu.

Lakini yalikuwepo mambo ambayo mtu wa karibu angeweza kuyaona. Harry hakwenda kwenye mikutano ya wapiganaji wenzake wa zamani. Filamu za vita hakutazama. Novemba 11, siku ambayo Uingereza nzima huwakumbuka waliokufa vitani, aliiona kama maonyesho tu. Siku yake ya kumbukumbu ilikuwa Septemba 22, na aliipitisha kimyakimya akiwa peke yake.

Wataalamu wa afya ya akili wana jina la hali hii, na kuyakwepa mambo yanayomkumbusha mtu tukio ni mojawapo ya dalili zake. Nyingine ni kushtuka kupita kiasi, kukosa usingizi, ndoto mbaya, hasira za ghafla, na lile jambo la ajabu ambapo mtu haikumbuki tu siku ile bali hujikuta amerudi ndani yake. Wakati wa ujana wa Harry, mwaka 1915, daktari Charles Myers aliandika kuhusu askari waliopatwa na mshtuko wa makombora. Wapo waliotibiwa, na wapo walioitwa waoga. Askari 306 wa jeshi la Uingereza walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama kutoroka na woga, na serikali ikaja kuwasamehe mwaka 2006, wote wakiwa makaburini. Madaktari wa Marekani waliingiza ugonjwa wa kiwewe kwenye kitabu chao rasmi cha magonjwa ya akili mwaka 1980 tu. Harry alikuwa na miaka 82 wakati huo, na Ada alikuwa ameshafariki.

Kilichomfungua mdomo ni watengeneza filamu waliomfuata mwaka 1998 akiwa anatimiza miaka 100, wakitafuta wazee wachache waliobaki. Alisita, kisha akazungumza. Ndipo ilipojulikana kwamba kule kwenye nyumba ya kulelea wazee alikoishi, kulikuwa na taa ya kabati la mashuka mkabala na chumba chake. Mhudumu akiiwasha usiku, na mzee akiwa katikati ya usingizi na kuamka, mwanga ule ulikuwa kombora. Miaka 80 ilikuwa imepita, akiwa kitandani kwake, na mwili ulikuwa bado Ubelgiji.

Hilo si la Harry peke yake. Kumbukumbu za kiwewe zinaweza kutulia miaka mingi wakati mtu ana kazi na watoto wa kulea, kisha zikaamka anapostaafu, anapofiwa na mwenza au ubongo unapoanza kuchoka kwa uzee. Familia huona mzee amebadilika, na wakati mwingine husema amerogwa au amezeeka vibaya. Msaada upo, ikiwemo tiba ya mazungumzo na mtaalamu aliyesomea kiwewe, na wapo wanaohitaji dawa. Kisichofaa ni kumkalisha mzee sebuleni na kumtaka aseme yote leo. Kulazimisha hakuponyi, na kunaweza kumuumiza zaidi. Wengine hufunguka kwa mjukuu kabla ya mke, au kwa mgeni kabla ya wote, na mke hapaswi kuona amedharauliwa. Ukimya wa namna hii mara nyingi ni namna ya kumkinga anayependwa, ingawa ni kinga inayomgharimu kila mtu ndani ya nyumba.

Na Afrika Mashariki isidhani kwamba vita ile ilikuwa ya Wazungu huko kwao. Ilipiganwa hapahapa hadi Novemba 1918, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi walifia njiani, wengi kwa maradhi na njaa. Jina Kariakoo la Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Waliorudi hawakufuatwa na kamera walipofikisha miaka 100. Waliopigana vita ya Kagera mwaka 1978 na 1979, hata hivyo, wengi bado wapo majumbani mwetu.

Mwaka 2004 Harry, akiwa na miaka 106, alirudi Ubelgiji na kukutana na Charles Kuentz, mzee wa miaka 107 aliyepigana upande wa Wajerumani kwenye mapigano yaleyale. Kuentz alimpa kopo la biskuti za kwao Alsace, Harry akampa chupa ya pombe ya matufaa ya kwao Somerset. Mwaka 2007 kilitoka kitabu cha maisha yake, na sehemu ya mapato aliitoa kununulia boti ya uokoaji baharini. Boti ile iliitwa Doris and Harry, Doris akiwa rafiki yake wa uzeeni katika nyumba ya wazee, naye alifariki mwaka huohuo. Watoto wake wote wawili walikuwa wametangulia.

Mazishi yalifanyika Agosti 6, 2009 katika kanisa kuu la Wells. Askari wa Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani walisindikiza jeneza pamoja na wa Uingereza. Kwa matakwa yake hakuna silaha iliyoruhusiwa kuingia, hata upanga wa gwaride. Alizikwa kijiji cha Monkton Combe, karibu na wazazi wake na kaka yake.